Jana hakuwa hivi: maswali kuhusu mzee mwenye demensia anayechanganyikiwa ghafla

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka minne ya mwisho ya bibi yangu mzaa mama nilikuwa pia mjukuu aliyelala chumba kimoja naye, huko Tanga. Baadhi ya maswali haya huulizwa na ndugu wa wagonjwa wakinivuta pembeni koridoni. Mengine nilijiuliza mwenyewe saa tisa usiku, na hapakuwa na wa kunijibu.

Deliriamu ni kitu gani? Si ndiyo hiyo demensia yenyewe?

Hapana. Demensia huingia polepole, kama maji yanavyokula ukuta wa udongo. Mwaka huu mtu anasahau alikoweka funguo, mwaka ujao anapotea njia ya sokoni. Deliriamu huja kwa saa au siku chache. Kuna kitu kingine mwilini kimeulemea ubongo: maambukizi, upungufu wa maji, dawa, maumivu. Kinachopotea kwanza ni umakini. Unamwambia neno, halishiki. Macho yanateleza, sentensi inaanza na haifiki mwisho. Tena hali hupanda na kushuka: asubuhi mnaongea vizuri, adhuhuri hayupo, usiku hakulaliki.

Kiswahili kina maneno yake, kuweweseka na kupayapaya, ila tumezoea kuyatumia kwa mtu mwenye homa kali anayesema hovyo. Kuna deliriamu isiyo na homa wala kelele, nitaifikia.

Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na mwenye demensia ndiye anayepatwa kwa urahisi zaidi. Kijana mwenye afya hachanganyikiwi mpaka malaria imkamate kweli kweli au apate ajali. Kwa mzee mwenye demensia, siku nne bila kupata choo zinaweza kutosha.

Tayari anasahau kila kitu. Nitajuaje kwamba hili ni jipya?

Usimpime kwa kumlinganisha na mtu mzima wa akili timamu. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa juzi.

Bibi yangu alikuwa ameshasahau majina yetu. Mimi aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Lakini mikono yake haikusahau ukili. Ungempa miyaa angesuka mpaka jua lizame, hakosei, hata hatazami. Na ukimwamkia shikamoo, neno “marahaba, mwanangu” lilitoka lenyewe, hata siku ambazo hakuwa na neno jingine.

Jumanne moja nilimwamkia, akanitazama mdomoni badala ya machoni, hakuitikia. Nikamwekea miyaa mapajani. Aliishika, akaigeuza, akaiacha. Baada ya muda vidole vikaanza kudonoa pindo la khanga, kama mtu anayeokota kitu kidogo sana kisichokuwepo. Hakuwa na homa. Hakulalamika popote. Kama ningemjua kwa jina la ugonjwa wake tu, ningesema ni demensia, si ndivyo walivyo?

Kwa hiyo jiulize: ni kitu gani huyu hakosi kukifanya, hata siku mbaya? Kuitikia salamu, kushika tasbihi, kujilisha kwa mkono wa kulia, kuimba pambio moja la kanisani, kumfukuza kuku mlangoni. Kikipotea ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dalili. Vilevile akianza kusinzia katikati ya kula, kuanguka bila sababu, kushindwa kutembea aliyekuwa akitembea, kujikojolea ghafla, au kugeuza usiku kuwa mchana.

Mzee wetu amekuwa mtulivu tu, analala sana. Si afadhali kuliko fujo?

Hili ndilo jibu ninalotamani lisomwe kuliko mengine yote. Utulivu wa ghafla ni hatari.

Deliriamu ina sura mbili, na mara nyingi hubadilishana kwa mtu yuleyule. Ya kwanza kila mtu huiona: anatukana, anachomoa dripu, anataka kwenda kwao usiku wa manane. Ya pili ni ya kimya. Amelala, ukimwamsha anafumbua macho na kuyafumba, tonge linakaa mdomoni bila kutafunwa, chai inapoa. Nyumba nzima inapumua: “Leo kapumzika.” Wodini napo mgonjwa wa namna hii hupitwa, kwa sababu hasumbui, na zamu ina wagonjwa wengi. Wagonjwa wa kimya ndio wanaochelewa kutibiwa. Hupata vidonda vya mgongo kwa kulala upande mmoja, na chakula kikipotea njia huingia mapafuni.

Mzee aliyelala kwa uchovu ukimwamsha anaamka, hata akinuna. Asiyeweza kukaa macho mkazungumza maneno mawili matatu, mpeleke akaonwe.

Lakini kila jioni huwa anachanganyikiwa. Nitakimbizana na hospitali kila magharibi?

Hapana. Wengi wenye demensia huhangaika giza likikaribia: anatafuta mtoto, anadai arudishwe nyumbani naye yuko nyumbani. Ikiwa ndivyo ilivyo wiki zote, saa zilezile, kwa kiasi kilekile, basi ni kawaida yake. Ikianza saa nne asubuhi, au ikizidi mara tatu ya ilivyozoeleka, au ikija na usingizi mzito mchana, si ile ya jioni tena.

Anaona watu na wadudu ambao sisi hatuwaoni. Wazee wa familia wanasema tumpeleke kwa mganga.

Kuona visivyokuwepo ni dalili ya kawaida ya deliriamu, hasa wadudu, wanyama wadogo na watu waliokwisha kufa. Bibi aliona sisimizi ukutani. Sitaingia kwenye ubishi wa mashetani na kurogwa, kwa sababu nimeona ubishi huo ukila siku tatu za mgonjwa. Anayetaka dua, dua isomwe kitandani, hospitalini, huku dripu inaingia. Havigombei nafasi.

Kuna aina moja ya demensia, ile ya miili ya Lewy, ambayo maono na kupanda-kushuka kwa akili ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, pamoja na mwili kukakamaa na mikono kutetemeka. Kwa watu hao tofauti ni ngumu kuiona hata kwa daktari, na hapo tena anayemjua ndiye mwenye jibu: hii imezidi ya siku zote au la? Mtajie daktari kwamba anakakamaa, kwa sababu haloperidoli, dawa ya kutuliza fujo na maono, na dawa za jamii yake zinaweza kumdhuru vibaya.

Kuna kipimo ninachoweza kukifanya nyumbani?

Wahudumu wengi wa afya duniani hutumia kipimo kifupi kiitwacho 4AT, kilichotungwa Edinburgh, Scotland. Kina sehemu nne. Kwanza, je, yuko macho sawasawa, au anasinzia, au amepagawa? Pili, umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka huu. Tatu, ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Nne, je, kuna badiliko la ghafla au linalopanda na kushuka, lililoanza ndani ya wiki mbili zilizopita na bado lipo saa 24 hizi? Alama 4 au zaidi zinaashiria deliriamu.

Kwa wazee wetu sehemu ya pili na ya tatu hukwama. Bibi alizaliwa “mwaka wa nzige”, tarehe haikuwahi kuandikwa, na miezi ya kizungu hakuisoma popote. Yeye alihesabu kwa mfungo mosi, mfungo pili. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walioshughulikia demensia kwa wazee ambao wengi hawakukaa sana darasani walifika mahali pa kutumia vijiti vya kiberiti: mzee anaonyeshwa umbo, anaulizwa alipange tena. Nyumbani unaweza kumwambia ataje siku za wiki kurudi nyuma, au ahesabu kutoka kumi hadi moja. Usitafute kufaulu au kufeli. Tafuta kama wiki iliyopita aliweza na leo hawezi, na kama anapotea katikati akasahau hata kwamba alikuwa anahesabu.

Sasa tazama sehemu ya nne. Badiliko la ghafla peke yake lina alama 4, yaani linatosha kuamsha shaka bila swali jingine lolote. Na nani anaweza kulijibu swali hilo? Si daktari aliyemwona mgonjwa kwa mara ya kwanza leo.

Husababishwa na nini?

Mara nyingi ni mambo mawili matatu yaliyorundikana. Maambukizi yako mbele: nimonia, njia ya mkojo, kidonda cha mguu kilichofunikwa na soksi. Mzee anaweza kuwa na nimonia nzito bila homa na bila kikohozi cha maana, kwa hiyo kipimajoto kikisoma kawaida kisikupumzishe. Malaria ipimwe, hilo halina mjadala. Ikipanda kichwani kweli, ni dharura.

Maji. Mzee hasikii kiu kama wewe, na mwenye demensia akisikia hajui pa kwenda. Wengine hukataa kunywa kwa kuogopa safari za chooni. Mwezi wa Ramadhani huku pwani nimewaona wengi: mzee amesahau watoto wake lakini hajasahau kufunga, na familia inaona haya kumzuia. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na imamu wa msikiti wenu atawaambia vivyo hivyo; muiteni aje amwambie mwenyewe, atamsikia kuliko ninyi.

Choo kigumu na mkojo uliokwama hudharauliwa, nami nilikuwa miongoni mwa wanaodharau. Maumivu asiyoweza kuyasema: jino, nyonga iliyovunjika baada ya kuanguka bafuni, kidonda. Sukari kushuka, hasa kwa anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, akasahau kula. Kama mna mashine ya kupimia, mpime kabla ya kufanya lolote. Sukari iliyopanda sana nayo huchanganya. Chumvi ya sodiamu kwenye damu kushuka, figo, moyo, kiharusi. Upasuaji. Kuanguka wiki mbili tatu zilizopita akagonga kichwa: damu huweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, na dalili zije wakati kila mtu ameshasahau kwamba alianguka.

Na pombe. Mzee aliyekunywa mbege au gongo kila siku kwa miaka, akilazwa ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kutetemeka na kuona vitu. Familia husema “babu hanywi” kwa heshima. Semeni ukweli, kwa sababu matibabu yake ni tofauti.

Dawa zipi za kuangalia?

Anza na ile uliyonunua mwenyewe dukani. Piriton imekaa kwenye kila nyumba, kwa mafua, kwa muwasho, na kwa siri iliyo wazi: kumlaza mzee. Ni dawa inayokausha. Inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo, na ubongo wa mwenye demensia inauchafua kabisa. Amitriptilini ya maumivu ya miguu ina tabia hiyohiyo. Diazepamu, tramado, baadhi ya dawa za tumbo la kunyonga, hata siprofloksasini inayotolewa kama karanga, zote zinaweza kuanzisha deliriamu. Dawa aliyoiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu nayo ihesabiwe.

Nilimpa bibi Piriton kwa siku tano. Mafua, nikasema, na angalau tulale. Mimi muuguzi.

Tulipima, wakasema ni yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Nimalize hapo?

Labda ndiyo, labda siyo. Mkojo wa wazee wengi, hasa wanawake, una bakteria hata wakiwa wazima, hivyo kipimo cha mkojo kikionyesha kitu hakithibitishi kwamba ndicho kilichomchanganya. Kama hana maumivu ya kukojoa, hana homa, hana maumivu ya tumbo, uliza kwa upole: “Dokta, kuna kingine tunachoweza kuangalia?” Kipimo cha Widali cha taifodi kina kasoro zake pia, husoma ndiyo kwa watu wengi wasioumwa taifodi. Ubaya wa jibu la haraka ni kwamba utafutaji unasimama. Choo hakiulizwi, kifua hakisikilizwi, karatasi ya dawa haisomwi.

Tulipompeleka bibi mara ya kwanza, kijana aliyetupokea alitazama umri kwenye kadi kabla ya kumtazama mwenye kadi, akasema, “Dada, huyu bibi ni uzee tu.” Tukarudi. Kesho yake, mahali pengine, mama mmoja mtu mzima aliweka kiganja chini ya kitovu cha bibi na kuniuliza, “Mara ya mwisho amekojoa lini?” Sikujua. Kibofu kilikuwa kigumu kama nazi. Walipoweka mpira, mkojo ulitoka karibu lita moja na nusu, na choo kilikuwa kimeziba hapo nyuma yake siku sita. Siku ya tatu bila Piriton alinyoosha mkono kutafuta miyaa.

Nikifika hospitali niseme nini?

Usiseme “amechanganyikiwa”. Ukisema mzee mwenye demensia amechanganyikiwa, utaambiwa hilo linajulikana. Sema hivi: “Jana hakuwa hivi.” Kisha taja kitu: “Mpaka Jumapili alikuwa anajilisha na kuitikia salamu. Tangu Jumatatu usiku hajilishi, haelewi tunachomwambia, na anasinzia.” Taja siku na saa. Beba dawa zote kwenye mfuko, za hospitali, za duka na za miti shamba, usitegemee kukumbuka. Sema mara ya mwisho alipopata choo, alipokojoa, alipokula. Kama una simu, video ya dakika moja ya jinsi alivyokuwa usiku inasaidia sana, kwa sababu mkifika kwa daktari asubuhi anaweza kuongea vizuri mkaonekana waongo.

Lini nisisubiri kuche?

Haamki ukimtikisa. Anapumua kwa haraka au kwa shida. Mdomo umepinda au upande mmoja umelegea. Degedege. Aligonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Shingo imekaza na ana homa. Sukari iko chini ya 4 (mmol/L). Kama anaweza kumeza mpe maji ya sukari hapohapo, kisha muondoke. Hajakojoa nusu siku na tumbo la chini limejaa. Hata bila hivi vyote, deliriamu mpya ni ya kuonwa siku hiyohiyo, haingoji kliniki ya wiki ijayo.

Anapiga na kutukana. Tumfunge kamba? Hakuna sindano ya kumtuliza?

Kamba huongeza hofu, na hofu huongeza nguvu. Nimeona mikono iliyochubuka mpaka nyama. Sindano ya diazepamu humlaza saa chache, kisha anaamka amepotea zaidi. Ina nafasi yake kwa degedege na kwa aliyeacha pombe. Kama ni hatari kwake mwenyewe kweli, daktari anaweza kuamua dozi ndogo ya dawa nyingine kwa muda mfupi. Huo ni uamuzi wa daktari, si wa duka.

Kinachosaidia hakina jina la kifahari. Mtu mmoja anayemjua akae naye, wengine watoke. Jitambulishe kila unapoingia, hata mara ishirini: “Shikamoo bibi, ni mimi mjukuu wako, tuko hospitali, utapona.” Usibishane kuhusu sisimizi. Usikubali kwamba wapo pia, sema, “Naona umeogopa, nipo hapa.” Mvalishe miwani yake. Kifaa cha masikio kikae sikioni, hakina kazi kwenye mkoba wa binti yake mjini. Dirisha lifunguliwe mchana, taa ndogo iwake usiku. Maji vijiko vichache kila nusu saa kama anameza vizuri. Akiweza kusimama, asimame. Mpira wa mkojo usiohitajika uulizwe utatoka lini.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 huko Marekani, katika Hospitali ya Yale New Haven, daktari Sharon Inouye na wenzake walijaribu mambo ya namna hii kwa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi: kuwakumbusha walipo, kuwatembeza, kuwanywesha, kuwaacha walale, miwani, masikio. Waliopata deliriamu walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya 15 kwa waliohudumiwa kawaida. Hiyo ni kinga, haikuwa tiba kwa walioshaugua, lakini karibu yote ni kazi ambazo ndugu aliyekuja kuuguza na chupa ya chai anaweza kuzifanya.

Atarudi kama zamani?

Wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki baada ya chanzo kutibiwa. Wengine huchukua miezi. Wenye demensia baadhi yao hawafiki pale walipokuwa, hushuka ngazi moja au mbili. Bibi alirudi kwenye ukili ila hakurudi kutembea mpaka uani bila kushikwa. Usimpime siku ya tatu ukakata tamaa. Usikubali pia maamuzi makubwa, kama kuuza shamba au kumhamisha nyumba, yafanyike kwa kuangalia hali yake ya wiki hiyo.

Atakumbuka yaliyotokea?

Baadhi hukumbuka, hata wenye demensia, na wanachokumbuka zaidi ni hofu. Wiki mbili baadaye, kichwa kimeinama kwenye miyaa, bibi aliniuliza, “Wale sisimizi mmewatoa?” Nikamwambia tumewafagia wote. Akasema, “Walikuwa wengi,” akaendelea kusuka.

Ikimpata tena?

Aliyewahi kupatwa ana uwezekano mkubwa wa kupatwa tena, kwa hiyo andikeni. Ndani ya mlango wa kabati letu nilibandika karatasi ya daftari: Piriton asipewe na mtu yeyote. Choo, zikipita siku mbili mwambieni dada. Kikombe cha bluu cha maji kiishe mara nne kabla ya magharibi. Chini yake niliandika namba ya bodaboda anayekubali kuja usiku. Binamu zangu waliopokezana nami zamu waliisoma hiyo kwanza, kabla ya kuuliza chakula kiko wapi.